Daftari la Majina: Somo Kutoka Chuo cha Georgetown

Somo hili ni la mkutano mmoja. Mwenye sauti ya kusikika asome, wengine wasikilize, na penye maswali asimame ili watu waongee. Msikimbie. Saa ikiisha kabla ya somo kuisha, lililobaki lingojee mkutano ujao. Aliye na Biblia aje nayo, kwa sababu tutafungua Luka 19 na Yakobo 5.

Ukurasa huu umezoea kufundisha daftari la fedha: pesa iliyoingia, iliyotoka, na iliyobaki kwa mweka hazina. Hiyo vikundi vingi vinaijua sasa, ingawa wapo wanaojua na hawafanyi. Leo tutaongea juu ya daftari lingine, ambalo mara nyingi ni ukurasa mmoja tu nyuma ya kitabu: daftari la majina. Nani ni mwanachama? Nani alifanya kazi hapa na jina lake halimo? Na watoto wake wakija kuuliza, tutawaonyesha nini?

Ili tujifunze, nitawapeleka mbali, mpaka kwenye chuo kikuu kimoja cha Wajesuiti huko Marekani. Halafu nitawarudisha nyumbani, maana mimi mwenyewe nina la kuungama katika jambo hili.

CHUO CHENYEWE

Wajesuiti ni mapadre na mabruda wa Shirika la Yesu, lililoanzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola na kukubaliwa na Papa mwaka 1540. Si wageni kwetu. Mmoja wa wale wa kwanza kabisa, Mtakatifu Fransisko Xaveri, alisimama Malindi mwaka 1542 meli yake ikienda Goa. Siku hizi wanacho Chuo cha Hekima pale Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1984. Kila waendako hupenda kujenga shule.

Huko Marekani chuo chao cha kwanza kinaitwa Georgetown. Kipo katika jiji la Washington, na kilianzishwa mwaka 1789. Ndicho chuo kikuu cha Kikatoliki cha zamani kuliko vyote nchini humo.

Kuna jambo moja la vyuo vya Marekani ambalo lazima tulielewe, la sivyo hadithi haitaeleweka. Mtu akimaliza masomo pale, haagi akaenda zake. Anabaki kuwa mtu wa chuo mpaka kufa. Wenzake wa mwaka wake hukutana, huandikiana, huchanga pesa za kujenga mabweni na kusomesha maskini. Chuo kinamtumia habari: nani kaoa, nani kafa, jengo gani linafunguliwa. Na katika baadhi ya vyuo, mtoto wake akiomba nafasi ya kusoma pale, maombi yake yanaangaliwa kwa jicho la mtu wa nyumbani. Sisi tungesema ni kama ukoo. Wanafunzi nao wana gazeti lao, linaitwa The Hoya, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1920, na huandika hata yale ambayo wakubwa wa chuo wangependa yanyamaziwe.

Basi shikeni mambo hayo mawili, ukoo wa waliosoma zamani na gazeti la wanafunzi. Yote mawili yatarudi.

MWAKA 1838

Wajesuiti wa kwanza wa jimbo la Maryland walikuwa na mashamba makubwa ya tumbaku. Waliolima hawakuwa vibarua. Walikuwa watumwa, Waafrika waliozaliwa utumwani, waliobatizwa na mapadre wale wale, wakifungishwa ndoa na mapadre wale wale, wakisali nao Jumapili. Mazao na mali ya mashamba hayo ndiyo iliyosaidia chuo katika miaka yake ya mwanzo.

Ikafika wakati mashamba hayaleti faida, na chuo kina madeni. Mkuu wa Wajesuiti wa Maryland wakati huo alikuwa Padre Thomas Mulledy, ambaye kabla ya hapo alikuwa rais wa chuo na alikuwa amejenga majengo kwa pesa ya kukopa. (Hapa najua kuna wenyekiti wanaotikisa kichwa.) Tarehe 19 Juni 1838 alitia sahihi mapatano ya kuuza watu 272 kwa dola 115,000. Wanunuzi walikuwa matajiri wawili wa jimbo la Louisiana, mbali sana kusini, ambako watumwa walikuwa wanafanyishwa kazi katika miwa na pamba mpaka wanaisha. Mmoja wao, Henry Johnson, aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo.

Mkuu wa Shirika huko Roma alikuwa ametoa ruhusa, lakini kwa masharti. Jamaa wasitenganishwe. Waendelee kupata Misa na sakramenti huko waendako. Na pesa zisitumike kulipa madeni. Masharti yaliandikwa vizuri, na hayakutimizwa. Malipo ya kwanza yalikuwa dola 25,000, na kati ya hizo dola 17,000 zilikwenda moja kwa moja kulipa madeni ya chuo. Jamaa wengine walitawanywa. Malalamiko yalipofika Roma, Padre Mulledy aliitwa huko, akaondolewa katika ukuu wake mwaka 1839. Miaka michache baadaye alirudi akawa rais wa chuo tena. Jengo moja lilipewa jina lake, likabaki nalo miaka na miaka.

Padre mmoja aliyekuwa akitunza mojawapo ya mashamba yale alimwandikia Mkuu wa Shirika barua kuhusu siku walipochukuliwa. Anasimulia juu ya mama mmoja mjamzito aliyekuja kumwaga na kuomba baraka, akapiga magoti, akasema kwamba kama kuna mtu mwenye sababu ya kukata tamaa, ni yeye, maana hajui kama mtoto atazaliwa njiani au baharini. Mama akapelekwa melini.

Nataka tusimame hapo kidogo. Padre yule hakuwa mtu mbaya. Aliandika, alisikitika. Lakini mama hakuhitaji masikitiko, alihitaji mtu wa kusema hapana. Na huyo hakupatikana mwenye nguvu ya kuzuia.

Msomaji asome Yakobo 5:1-6, halafu mjibu: Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kusema kuwa jasho lake limo katika jengo fulani, shule, zahanati, hata kanisa, na hakuna anayemkumbuka? Msiogope kutaja jengo.

MWAKA 2015

Miaka zaidi ya 170 ikapita. Wataalamu wa historia walijua habari ile, vitabu vilikuwapo, wala hakuna aliyeficha makaratasi. Ila watu wa kawaida wa chuo hawakuijua, au waliisikia ikapita. Mnajua jinsi jambo linavyoweza kuwa wazi na bado lisionekane.

Kilicholiamsha ni jengo. Mwaka 2015 chuo kilikuwa kimekarabati lile jengo la Mulledy ili wanafunzi walale humo. Mwanafunzi mmoja akawa anaandika katika The Hoya akieleza huyu Mulledy alikuwa nani. Rais wa chuo, John DeGioia, akaunda kamati ya kuchunguza habari za utumwa katika historia ya chuo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wanafunzi wakaenda kukaa chini nje ya ofisi ya rais, wakidai jina libanduliwe. Baada ya siku chache likabanduliwa.

Sasa, mtu angeweza kusema mambo yameisha. Jina baya limetoka, twende mbele. Lakini kuna mmoja wa wale waliosoma zamani, bwana mmoja wa kampuni ya kompyuta aitwaye Richard Cellini, Mzungu Mkatoliki, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa amewahi kujishughulisha na historia ya watu weusi. Yeye aliuliza swali moja tu: wale watu walikwenda wapi? Akajibiwa na mmoja wa kamati kwamba walikufa wote upesi huko Louisiana kwa homa za mabwawani, hawakuacha alama.

Swali la Cellini lilikuwa la hesabu za kawaida. Watu 272, watoto kwa wazee, wafe wote wasiachie hata mjukuu mmoja? Hakuamini. Akawaandikia wenzake waliosoma Georgetown, wakaanza kuchanga. Kufikia Aprili 2016 walikuwa wamepata zaidi ya dola 10,000, wakawalipa wataalamu wa kufuata koo ili watafute. Angalieni pesa hizo zilitoka wapi. Hazikutoka katika mfuko wa chuo, ila katika mifuko ya wanafunzi wa zamani, wale wale ambao kwa kawaida huchangia viwanja vya mpira na mabweni.

Na wakawapata! Wazao wao, yaani wajukuu, vitukuu, vilembwe na vining'ina, wamehesabiwa zaidi ya elfu nane, wengine wamekwisha kufa na wengi wakiwa hai. Wengi wao walikuwa bado wanasali katika Kanisa Katoliki bila kujua lilivyowauza wazee wao. Kuna mji mdogo huko Louisiana uitwao Maringouin ambako sehemu kubwa ya wakaaji ni wa ukoo huo. Utafiti pia ulionyesha kwamba watu waliohusika walizidi 300, si 272 tu, na kwamba si wote waliosafirishwa: wengine walibaki Maryland.

Walipatikanaje? Hapa ndipo nawaomba waandishi wa vikundi wasikilize. Walipatikana kwa sababu ya madaftari. Karatasi ya mauzo ilikuwa na majina. Jina la kwanza katika orodha ni Isaac, mwanamume wa miaka 65. Meli iliyoitwa Katharine Jackson, iliyotia nanga New Orleans Desemba 1838, ilikuwa na orodha ya waliobebwa, kila mmoja na umri wake. Humo alikuwamo mvulana wa miaka kama 13, Cornelius Hawkins. Wataalamu walimfuata kijana huyo kutoka karatasi hadi karatasi: mali ya tajiri fulani, kisha mtu huru baada ya utumwa kukomeshwa Marekani mwaka 1865, kisha vitabu vya parokia, ndoa, ubatizo, mpaka kaburi lake pale Maringouin. Hata picha ya mmoja wa wale waliouzwa, mzee Frank Campbell, ilikutwa imehifadhiwa katika maktaba ya chuo kimoja cha Louisiana, na habari zake zikaandikwa mwaka 2017.

Walioandika majina yale hawakuwa na nia njema. Tajiri aliandika ili asiibiwe mali yake, nahodha ili alipwe nauli. Lakini jina likishaandikwa, linaweza kuja kumtumikia mwenyewe. Sisi wa pwani na bara ya Kenya tunajua kidogo habari hizi. Waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa wakawekwa Frere Town, Mombasa, tangu mwaka 1875, wengi walifika na majina ambayo hayakuandikwa popote, wakapewa mapya. Vizazi vyao wapo hadi leo, na wako ambao hawawezi kusema babu alitoka kijiji gani.

DENI LINALIPWAJE?

Haya, wazao wamepatikana. Sasa mnawafanyia nini?

Septemba 2016 kamati ya chuo ilitoa ripoti, na rais akatangaza kwamba chuo kitaomba msamaha na kwamba wazao wa wale waliouzwa wakiomba nafasi ya kusoma, maombi yao yataangaliwa sawasawa na ya watoto wa waliosoma pale. Yaani wameingizwa katika ule ukoo niliowaambia. Mimi naona hapo chuo kiligusa penyewe. Kama jasho la babu yako lilijenga darasa, basi wewe ni mtu wa nyumbani, haidhuru babu mwenyewe hakuruhusiwa kuingia darasani akakaa. Lakini pia hapo hapo palikuwa na upungufu. Kufunguliwa mlango si sawa na kulipiwa karo, na karo ya Georgetown si mchezo. Tena wazao walilalamika kwamba kamati ilikaa mwaka mzima ikaandika juu yao bila wao kuwamo. Vikundi vyetu vinajua uchungu huo, pale mradi wa akina mama unapopangwa na akina baba sita chini ya mwembe.

Tarehe 18 Aprili 2017 palikuwa na ibada ya toba pale chuoni. Mkuu wa Wajesuiti wa Marekani alisimama mbele ya wazao wapatao mia moja, akakiri dhambi ya Shirika na kuomba msamaha. Siku hiyo jengo la Mulledy likaitwa kwa jina la Isaac Hawkins, yule wa kwanza katika orodha. Jengo la pili likapewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke Mwafrika huru aliyefungua shule ya wasichana weusi katika mtaa huo huo wa Georgetown miaka ya 1820, kisha akawa mtawa. Mwaka huo huo mama mmoja wa miaka 63, aliyekuwa mpishi huko New Orleans, akaanza mwaka wa kwanza pamoja na vijana wa miaka 18, kwa kuwa ni wa uzao ule.

Halafu wanafunzi wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Aprili 2019 walipiga kura kama wakubali kila mmoja wao kulipa dola 27 na senti 20 kila muhula, ziende kusaidia wazao wa wale waliouzwa. Mnaona ile namba: 272. Kwa pesa zetu za mwaka ule ilikuwa kama shilingi 2,700. Walikuwapo waliopinga, na sababu zao si za kijinga. Walisema: mimi sikumwuza mtu, hata babu yangu hakuwa nchi hii, wengine tumekuja hapa kwa mkopo. Na wengine: anayedaiwa ni chuo, chenye mali, kwa nini alipe mwanafunzi? Kura zilipohesabiwa, wawili katika kila watatu walikubali kulipa.

Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Oktoba 2019 wakubwa wa chuo wakasema hawatatoza wanafunzi. Badala yake chuo kitatafuta kama dola 400,000 kila mwaka kwa michango ya hiari, ziende kwenye miradi ya jamii ya wazao. Mfuko huo ulifunguliwa mwaka 2022. Wanafunzi wengi hawakufurahi. Pesa ni karibu ile ile, mtasema, tatizo liko wapi? Wao waliona tatizo ni hili: mchango wa hiari ni sadaka, na mtu anaweza kuacha kutoa sadaka wakati wowote anaotaka, lakini deni halina hiari. Hili neno zungumzeni nalo polepole katika kikundi. Mimi niko upande wa wanafunzi, ila nimekaa na watu wenye busara wanaoona kwamba pesa inayotolewa kwa moyo ni bora kuliko inayotozwa.

Wajesuiti wenyewe waliahidi Machi 2021 kutafuta dola milioni 100 kwa ajili ya mfuko wanaoushika pamoja na chama cha wazao, wakaanza na milioni 15. Mwaka uliofuata kiongozi wa wazao, Joseph Stewart, alimwandikia Mkuu wa Shirika Roma kwamba mambo yanakwenda pole mno. Septemba 2023 zikaongezwa milioni 27: chuo milioni 10, Wajesuiti milioni 17, zikiwemo za mauzo ya ardhi ya mashamba ya zamani. Kwa hiyo hadi wakati huo walikuwa wamefika milioni 42, bado hata nusu ya ahadi. Ahadi ya harambee mnaijua. Bahasha ya siku ile ina pesa, na iliyosomwa kwenye kipaza sauti ina ahadi.

Someni sasa Luka 19:1-10. Zakayo hakungoja kuambiwa kiasi. Ulizaneni: (a) Zakayo alilipa nani, maskini kwa jumla au wale aliowadhulumu kwa majina? (b) Mngekuwa wanafunzi wa Georgetown mwaka 2019, mngepiga kura gani? Kila mmoja aseme na sababu yake, na asikatizwe.

LA KWETU

Niliahidi kuungama.

Mwaka 1993 kikundi chetu cha maji kilichimba mtaro wa bomba kutoka chemchemi ya juu. Kiingilio kilikuwa shilingi 400 kila mji. Wako waliokosa hizo 400, wengi wao wajane. Katika mkutano tukapatana kwamba asiye na pesa achimbe siku ishirini zaidi ya zamu yake, na itahesabiwa amelipa. Mwandishi wa kikundi nilikuwa mimi. Wenye kulipa niliwaandikia risiti. Wenye kuchimba niliwapigia mistari kwenye karatasi niliyochana katika daftari la shule la mtoto wangu, kila siku mstari mmoja.

Afisa wa maendeleo alipotaka orodha ya wanachama kwa haraka, nilinakili majina kutoka kitabu cha risiti. Ilikuwa jioni, taa haina mafuta. Nikasema ile karatasi nitaongezea kesho. Kesho hiyo haikufika. Maji yalipofunguliwa, waliokuwa katika orodha walichota kwa bei ya mwanachama, na wale akina mama wakanunua debe kama wapita njia. Mbona hawakulalamika? Walilalamika. Tuliwaambia walete risiti.

Mwaka 2014 binti wa mmoja wao alikuja nyumbani kwangu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule. Alikaa, akanywa chai, akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, mama alichimba siku ngapi?" Ndiyo hayo tu aliyotaka. Sikuweza kumjibu.

Alipoondoka nilipekua sanduku la vyeti usiku ule mpaka nikaipata karatasi, imekunjwa ndani ya kadi za ubatizo za watoto. Ilikuwa na majina tisa. Saba yanasomeka, mawili yameliwa na unyevu. Mama yake alikuwa na mistari ishirini na sita. Alipita ile ishirini, na hakuna aliyemwambia imetosha.

Nilipoipeleka kwenye kamati, vijana walisema hayo ni makosa ya kamati ya zamani, wao walikuwa hawajazaliwa. Miaka mitano baadaye niliposikia maneno ya wale wanafunzi wa Georgetown waliopinga, niliona ni yale yale. Tulivutana mikutano mitatu. Mwishowe majina saba yaliingizwa katika daftari na miji yao ikapewa haki ya mwanachama. Juu ya kurudisha pesa za madebe waliyonunua miaka yote hiyo, bado hatujapatana, ajenda inasogezwa tu. La nane tulilipata kwa kuulizia, bibi mmoja alikumbuka walichimba bega kwa bega. La tisa hatujalipata.

KAZI YA KIKUNDI

Mkutano ukiisha, mwandishi na watu wawili wasio wa kamati wachukue daftari la wanachama la kwanza kabisa, si hili la sasa, waliweke mezani. Wazee walioanzisha kikundi waitwe, hata waliojitoa, hata mliokosana nao. Jina kwa jina, waulizwe: huyu yuko wapi, alitoa nini, alipata nini? Kisha waulizwe: nani alikuwapo siku zile na simwoni humu? Lisilojulikana liachiwe nafasi wazi katika mstari wake, lisifutwe.

Kama kuna mtu ambaye kikundi kinamdai haki yake au yeye anakidai kikundi, jambo hilo lipewe tarehe ya kujadiliwa, na mwenyewe au watoto wake waalikwe siku hiyo. Wasijadiliwe wakiwa hawapo.

Majibu yaandikwe katika daftari la mikutano kwa kalamu ya wino, siyo kwenye karatasi iliyochanwa, pamoja na majina ya wote waliohudhuria, wakiwemo wale waliosikiliza wakiwa wamesimama mlangoni.